Maradhi ya Wakubwa Yalipofika Bariadi

Mwaka 1929 daktari mmoja wa Kiingereza, C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo Kusini nchini Kenya, upande ule wa Kisii usio mbali sana na mpaka wetu, aliandika katika jarida la Lancet la London jambo lililowashangaza wenzake. Alikuwa amewapima shinikizo la damu Waafrika 1,000. Kwa Wazungu ilikwishajulikana kwamba shinikizo hupanda kadiri umri unavyosogea. Kwa watu wa Kavirondo halikupanda, na baada ya miaka 40 lilielekea hata kushuka. Katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake kwa muda wa miaka 2, hakuona hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha.

Naanzia huko mbali, ndugu msikilizaji, kwa sababu juma hili nataka kumzungumzia mgonjwa wa Bariadi ambaye mshipa wa moyo wake umeziba na moyo wenyewe umeelemewa. Huwezi kuelewa kwa nini mgonjwa huyo hufa kabla hujajua ni nani aliyetuambia zamani kwamba yeye hawezi kuugua ugonjwa huo.

Donnison hakuwa peke yake. Hugh Trowell alifika Kenya mwaka huo huo wa 1929, kisha akahamia Uganda, akatibu Mulago na kuwafundisha waganga wa Makerere. Ilimchukua zaidi ya robo karne kupata mgonjwa mmoja Mwafrika ambaye angeweza kuapa kwamba mishipa ya moyo wake ndiyo iliyomuumiza. Alimwandika mwaka 1956, pamoja na mwenzake Singh, katika jarida la tiba la Afrika Mashariki. Mgonjwa mwenyewe alikuwa jaji, mtu wa ofisi na mkate wa siagi. Miaka 4 baadaye, mwaka 1960, wataalamu wa Kampala na wa mji wa St. Louis, Marekani, walilinganisha maiti zilizopasuliwa kuchunguzwa, 632 kila upande, wote wakiwa watu wazima. St. Louis walikuta mioyo 136 yenye kovu la mshipa kuziba. Uganda walikuta 1.

Watu hawa hawakusema uongo. Walihesabu walichokiona. Mkulima wa kanda ya ziwa wa siku zile alitembea kutwa nzima, alilima kwa jembe la mkono na baadaye kwa plau la ng'ombe, alikula ugali wa mtama, michembe na maziwa ya mgando, na chumvi na sukari vilikuwa vitu vya kununua kwa kipimo. Hata miaka ya karibuni zaidi mambo hayakuwa yamebadilika sana vijijini. Utafiti wa Profesa McLarty na wenzake wa Muhimbili, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa chini ya mtu 1 kati ya 100 katika vijiji vya Tanzania, na mwaka 1993 Dk. Swai na wenzake wakatangaza kuwa vijijini Kilimanjaro, Morogoro na Mara, hao wa Mara ni majirani wa Bariadi, mafuta katika damu yalikuwa kidogo.

Lakini elimu ina ugonjwa wake. Jambo lililokuwa kweli kwa babu hugeuka kuwa kanuni, na kanuni hukaa darasani hata babu akishazikwa na mjukuu kuanza kula kitu kingine. Waganga wetu wa kwanza walisomea Makerere. Ilikuwa busara kufundishwa kwamba Mwafrika akishika kifua, utafute kwanza kichomi, kifua kikuu, vidonda vya tumbo na malaria. Moyo kuziba mshipa ulikuwa ugonjwa wa Mzungu, wa Mhindi mwenye duka, na labda wa waheshimiwa. Mzee Jomo Kenyatta alipofariki Mombasa kwa moyo, Agosti 22, 1978, watu wengi walisema ndivyo wanavyokufa wakubwa.

Dalili kwamba mambo yatageuka zilikuwapo. Gerald Shaper na wenzake walieleza mwaka 1969 habari za vijana wa Kisamburu walioandikishwa katika jeshi la Kenya. Nyumbani waliishi kwa maziwa na mwendo. Jeshini walipewa posho ya unga na chumvi, wakanenepa, na shinikizo la damu likapanda. Damu yao ilikuwa ile ile, ila sahani imebadilika. Na huku kwetu, katika miaka ya 1990, mradi mmoja wa kuchunguza maradhi na vifo uliwapima watu wazima wa Ilala, Dar es Salaam, na wa kijiji kimoja wilayani Hai. Ilala zaidi ya theluthi moja walikuwa na shinikizo lililozidi kiwango. Hai walikuwa zaidi ya robo. Kati ya wenye shinikizo hilo, hata mmoja katika watano hakuwa anajua.

Sasa nije kwenye hesabu iliyonitia baridi. Mwaka 2019, katika idara ya dharura ya hospitali moja ya rufaa huko Moshi, watafiti wa Tanzania na Marekani waliwapima moyo watu wazima 681 waliofika na maumivu ya kifua au pumzi kukata. Waliokutwa na mshipa wa moyo ulioziba au unaoelekea kuziba walikuwa 152, yaani zaidi ya 1 kati ya 5. Ndani ya siku 30, zaidi ya 4 katika kila 10 kati yao walikuwa wamefariki. Katika nchi tajiri anayefikishwa hospitali na ugonjwa huo mara nyingi hurudi nyumbani kwa miguu yake. Kwa hiyo ugonjwa wa jaji umekwisha kushuka ngazi, na umetukuta tukiwa tumeangalia upande mwingine.

Kuna tatizo la lugha hapa, na mimi kama mtu wa redio haliniachi. Kiswahili chetu kinaita mshipa wa moyo unapoziba "mshtuko wa moyo". Neno hilo limetupotosha. Mtu husema marehemu alipewa habari mbaya, akashtuka, moyo ukasimama. Kumbe mara nyingi hakuna aliyemshtua. Donge la damu limeganda juu ya ufa ndani ya mshipa mwembamba unaoulisha moyo wenyewe, na kipande cha nyama ya moyo kinakufa kwa njaa. Tena madaktari wana hali nyingine, mbaya kuliko hiyo, wanayoiita kwa Kiingereza jina linalotafsirika pia kuwa mshtuko. Hiyo ni hali ambayo kipande kilichokufa ni kikubwa mno hata moyo uliobaki hauwezi kuisukuma damu. Shinikizo linaporomoka, mikono na miguu inakuwa baridi yenye jasho, mkojo unakatika, akili inapotea, mapafu yanajaa maji. Mimi nitaiita kuelemewa kwa moyo, kama ng'ombe mmoja aliyeachiwa plau la wawili.

Huelemewa namna hiyo watu kati ya 5 na 10 katika kila 100 wanaopata ugonjwa wa mshipa kuziba, na hao ndio wanaobeba sehemu kubwa ya vifo vya hospitalini. Historia ya kupigania maisha yao ni fupi. Mwaka 1967 Killip na Kimball wa New York waliandika habari za wagonjwa wao 250. Waliofika bila dalili ya moyo kuchoka walikufa 6 katika 100. Walioelemewa walikufa 81 katika 100. Mwaka 1971 madaktari wa Boston wakapima mioyo ya waliokufa wakakuta kwamba walioelemewa walikuwa wamepoteza asilimia 40 au zaidi ya nyama ya chumba kikubwa kinachosukuma damu mwilini. Tangu hapo ikaeleweka kwamba shauri lote ni nyama kiasi gani imebaki hai.

Mwaka 1977, huko Zurich, Andreas Grüntzig alipitisha waya mwembamba wenye puto hadi kwenye mshipa wa moyo wa mtu aliye macho, akaupanua. Miaka 22 baadaye, mwaka 1999, Dk. Judith Hochman na wenzake wakatangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 302 walioelemewa. Nusu walifunguliwa mshipa mapema, kwa puto au kwa upasuaji. Nusu walitibiwa kwanza kwa dawa. Baada ya siku 30 tofauti haikuwa ya kutegemewa. Baada ya miezi 6, waliofunguliwa mapema walikuwa wamekufa 50 katika 100, wengine 63. Maana yake ni kwamba kufungua mshipa huokoa, lakini hata mwenye kufunguliwa anacheza pata potea.

Baada ya hapo mashine zikaja na nyingine zikaanguka. Puto la kusaidia moyo linalowekwa kwenye mshipa mkuu, lililotumiwa kwa miongo kadhaa na kila mtu akiliamini, lilijaribiwa Ujerumani kwa wagonjwa 600, na mwaka 2012 likaonekana haliongezi maisha. Mwaka 2017 ikaonekana ni afadhali kufungua kwanza ule mshipa mmoja wenye kosa kuliko kufungua yote iliyokonda kwa mara moja. Mashine inayotoa damu nje ya mwili, kuitia hewa na kuirudisha, mwaka 2023 nayo ikashindwa kuonyesha faida kwa watu hawa. Mwaka 2024 pampu ndogo inayoingizwa ndani ya moyo wenyewe ilipata ushindi: baada ya siku 180 walikufa 46 katika 100 badala ya 59. Jaribio hilo liliwachukua hospitali za Denmark, Ujerumani na Uingereza miaka 10 kupata wagonjwa 360 tu waliofaa, na pampu hiyo ilileta kuvuja damu na miguu kukosa damu kwa baadhi yao.

Ni nani basi huishi? Madaktari wana orodha ndefu, nami sitaisoma yote hewani. Kijana huishi kuliko mzee. Ambaye figo zake bado zinafanya kazi huishi kuliko ambaye zimegoma. Aliyewahi kupooza ana hatari zaidi, na mwenye sukari iliyopanda siku hiyo pia. Ambaye baada ya waya kupita damu inakwenda vizuri ana tumaini. Ukiangalia, karibu mambo haya yote yana saa ndani yake. Figo haizimiki dakika ya kwanza. Ni saa za mwili kukosa damu zinazoizima.

Hapo ndipo Bariadi inapoingia, wala siyo kwa heshima. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, ukamegwa zaidi kutoka Shinyanga, na Busega ikatoka upande wa Mwanza. Makao makuu yake ni Bariadi. Ni mkoa wa pamba na ng'ombe, uliopewa jina la mto ambao Stanley alipopita mwaka 1875 aliuona kuwa ndio chanzo cha mbali zaidi cha Nile. Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2. Kabla ya mkoa kuzaliwa, mgonjwa wa Bariadi alikuwa na safari ya Shinyanga, na rufaa kubwa ilikuwa Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa 1971, ikataifishwa 1972 na kurudi mikononi mwa maaskofu mwaka 1985. Leo lami ipo, kwenda Lamadi na kwenda Maswa, na mkoa una hospitali yake ya rufaa. Sidharau hata kidogo. Aliyewahi kukwama na basi kwenye udongo wa mbuga wakati wa masika anajua lami ni dawa.

Lakini tuchukue mfano. Mwanamume wa miaka 55 wa kijiji kimoja cha Itilima anaamka saa 10 alfajiri, kifua kimebanwa kama kwa jiwe na mkono wa kushoto mzito. Mkewe anamwambia, "Baba, ni gesi hiyo, ulikula usiku." Anatafuna vidonge vya tumbo vya dukani. Kukicha, kwa bodaboda, zahanati. Anapimwa malaria; huku kwetu kipimo hicho hakikosi wateja. Mchana, gari la kukodi hadi Bariadi mjini. Kwenda Mwanza kwa njia ya Lamadi ni karibu kilometa 200 nyingine. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 na ambayo imetupunguzia sana safari za India, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000. Anayewahi kufika huko kwa waya wa mshipa uliofunga alfajiri ile ni yule ambaye moyo wake ulikuwa na subira.

Kwa maoni yangu tumekuwa tukiuliza swali lisilotufaa. Tunauliza mgonjwa aliyeelemewa wa Bariadi atafikaje Dar. Wataliano walitujibu swali jingine mwaka 1986. Katika jaribio la wagonjwa zaidi ya 11,000 walitoa kwa dripu dawa ya kuyeyusha donge, streptokinezi, isiyohitaji waya wala chumba maalumu. Waliopewa ndani ya saa 1 tangu maumivu kuanza, vifo vilipungua karibu nusu. Ndani ya saa 3, vilipungua kwa karibu robo. Baada ya saa 6, faida ikawa ndogo. Na kwa waliokwisha kuelemewa? Walikufa 70 katika 100, wawe wamepewa au hawakupewa. Mwaka 1988 jaribio kubwa zaidi, la watu zaidi ya 17,000, likaonyesha kwamba aspirini tu, ile ya vidonge, hupunguza vifo kwa asilimia 23, na ikiunganishwa na streptokinezi kwa asilimia 42.

Tafsiri yake kwa Simiyu ni kwamba vita vinapiganwa kabla ya moyo kuelemewa, na uwanja wake ni kituo cha afya, si Dar. Panahitajika mashine ya kuandika umeme wa moyo, chombo ambacho Einthoven alipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake mwaka 1924, kwa hiyo si uvumbuzi wa jana. Panahitajika mtu wa kuisoma, na kama hayupo, picha ya karatasi hiyo inaweza kumfikia bingwa Mwanza kwa simu ya mkononi kwa dakika moja. Panahitajika aspirini ya kutafunwa, isipokuwa kwa anayetapika damu au aliyepooza ghafla. Na panahitajika uangalifu wa dripu: shinikizo likishuka, mkono wa mhudumu huenda wenyewe kwenye chupa ya maji, na kwa mgonjwa wa kuhara chupa hiyo ni uhai, lakini kwa ambaye pampu imechoka na mapafu yamejaa, maji mengi humzamisha.

Kuna jambo jingine la Usukumani nisilotaka kulipita, hata kama si zuri kusimuliwa. Mwanamume mwenye nguvu aliyelala mzima akafa kabla ya jua kupanda, bila homa, bila jeraha, ameacha swali nyumbani, na swali hilo likikosa jibu la zahanati huenda kwa mfumu. Mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ambako Simiyu ilitoka, yalichukua maelfu ya watu tangu miaka ya 1970; mama wengi waliponzwa na macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Sisemi kila tuhuma ilizaliwa na ugonjwa wa moyo. Nasema kifo cha ghafla kisicho na jina ni hatari kwa jirani pia. Mzee mmoja wa Somanda nilipomweleza habari ya donge la damu alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, mbona hatukuambiwa hayo siku ya msiba?" Sikuwa na jibu la kumpa mzee wangu.

Na kuhusu usafiri, jambo linalowezekana tunalo mbele ya macho. Katika Sengerema na Shinyanga, miaka zaidi ya 10 iliyopita, ulianza mpango unaoitwa m-mama. Mjamzito akizidiwa kijijini, hupigwa simu ya bure, 115, na kama gari la wagonjwa haliko karibu, dereva wa kawaida aliyeandikishwa humchukua na kulipwa kwa simu. Mwaka 2022 serikali iliamua kuueneza nchi nzima. Ni wa mama wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, na ni haki yao. Yule baba wa Itilima aliyeshika kifua hayumo katika orodha. Kumwingiza kungehitaji magari zaidi, fedha zaidi, na msikilizaji wa simu aliyefundishwa kuuliza maswali mawili matatu: maumivu yalianza saa ngapi, yanapanda mkononi au shingoni, jasho ni la baridi?